Mirija Saba na Kamba ya Mita Moja

Jioni spika ya grosari ya mwenye nyumba wangu ilipowashwa tena, mtu wa kwanza kucheza alikuwa mchoma nyama. Hakuweka kisu chini. Alicheza nacho kati ya jiko na gogo la kukatia, na wateja wawili waliokaa karibu wakasogeza viti vyao haraka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa kuona mtu wa Tarime anamkwepa mwenzake kwa sababu nyingine isiyo corona.

Nilikuwa pembeni na daftari langu. Nina tabia ya kuandika, tabia ya kazi. Mimi ni bwana afya. Nilizaliwa Morogoro, serikali ikanileta huku, na mtaa mzima unaniita Bwana Afya, hata kanisani wakati wa matangazo. Katika miezi ile ya ugonjwa nilipita kwenye baa, grosari na vilabu vya pombe nikiwa na kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita moja. Nilipima kiti hadi kiti. Aliyekaa ndani ya fundo alihama. Wapo waliohama wakicheka, na wapo waliohama wakinitazama kama mtu aliyekuja kupima kiwanja chao ili akiuze.

Sasa agizo lilikuwa limelegezwa, na daftari langu la jioni ile lina mambo haya. Saa kumi na mbili na nusu, spika. Dakika tano baadaye, waendesha bodaboda wawili walikutana mlangoni. Mmoja alitoa ngumi kama tulivyowafundisha, mwingine akatoa kiganja kama alivyozaliwa nacho.

"Unanisalimia au unanipiga?" aliuliza mwenye kiganja.

"Nimeshazoea."

"Fungua mkono, mura. Corona imeshapanda basi la Mwanza." Kwa Wakurya kila kijana ni mura.

Walipeana mikono, wakaitikisa kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama watu wanaojaribu pampu ya kisima kilichokaa bila kutumika. Kisha wakaniona.

"Bwana Afya, tunaruhusiwa?"

"Ruksa. Ila mnawe."

Wakatazama ndoo yenye koki iliyokuwa bado juu ya kiti chake pale mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa ameijaza barafu na soda. Walicheka, wakapita. Hawakunipa mkono. Niliandika hilo pia, bila maoni.

Kwenye meza ya katikati, mteja mmoja alimpigia simu shemeji yake anayeishi Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Sirari, ambako jioni zilikuwa bado zinafungwa mapema na polisi. Aliweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Aki nyinyi mnatuumiza," shemeji alisema. "Hapa saa hii mtu hata kuku hawezi kufukuza nje. Hebu weka simu karibu na hiyo spika."

Simu ikawekwa juu ya spika, ikalala hapo kwa nyimbo tatu. Kila wimbo ulipoisha tulisikia sauti ndogo ikipiga kelele, "Ongeza! Ongeza!"

Mtu pekee aliyekuwa hana furaha alikuwa mwenye nyumba wangu mwenyewe. Alisimama nyuma ya kaunta akifuta glasi moja tangu spika ilipowashwa. Nilijua sababu. Posa ya binti yake ilikuwa imekwama, na mtu aliyeikwamisha alikuwa mimi.

Nieleze tangu mwanzo, kwa mpangilio.

Mwenye nyumba ni Mkurya wa hapa hapa, mzee mtaratibu, ana grosari mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Chumba cha tatu ni changu. Binti yake ana cherehani barazani na anashona sare za shule. Mchumba wake ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kisaka, wilaya ya Serengeti, kijana mpole anayefunga vifungo vya shati hadi kooni. Wazee wa kijana wanatoka Kenyamonta, na mkubwa wao ni baba yake mkubwa, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo.

Siku ya wazee hao kuja kuzungumza posa iliangukia katikati ya marufuku ya mikusanyiko. Mwenye nyumba alikwenda kwa mtendaji kuomba ruhusa. Mtendaji alikubali kwa masharti mawili: watu wasizidi kumi, na bwana afya awepo. Kwa kuwa bwana afya alikuwa anaota jua nyuma ya nyumba hiyo hiyo, hakuna aliyehangaika kumtafuta.

Wazee wanne walifika kwa gari la kukodi. Wa upande wetu walikuwa watatu, mwenye nyumba na kaka zake wawili. Uani palikuwa na chungu kikubwa cha pombe ya mtama, na kila mzee alikuwa na mrija wake. Nilikuwa nimeiona mirija hiyo vilabuni lakini sikuwahi kuitazama kwa karibu. Ni mirefu kupita mkono wa mtu mzima. Mwishoni ina kichujio kidogo cha kusukwa, ili machicha yasipande mdomoni. Mzee husafiri na wake ndani ya ala, kama fundi na msumeno wake. Wa yule mzee mkubwa wa Kenyamonta ulikuwa mweusi unaong'aa.

Wazee walikuwa wameshaizamisha nusu niliposema, "Wazee wangu, shikamooni. Mirija, hapana."

"Mrija ni wangu," mzee mkubwa alisema. "Na mdomo ni wangu."

"Lakini chungu ni kimoja, mzee."

"Ndiyo maana yake. Vyungu vikiwa viwili kwani tumekuja kufanya nini?"

Sikulisikia jibu lile. Yaani nililisikia kwa masikio, nikaendelea na kazi. Nilivaa glovu, nikakusanya mirija yote saba, nikafunga kipande cha plasta kwenye kila mmoja na kuandika namba, kisha nikaandika kwenye daftari namba na mwenyewe. Namba moja, mzee mkubwa. Namba nne, kaka mkubwa wa mwenye nyumba. Na kadhalika. Nikagawa vikombe vya plastiki, vyekundu kwa wageni, vya bluu kwa wenyeji, na mtu mmoja akawekwa kuteka kwa upawa. Viti nilivipima kwa kamba.

Kikao kilikwenda vizuri sana. Walizungumza, walikubaliana, walicheka mara mbili. Mwishoni waligongana viwiko, wazee wa miaka sabini wakitafuta viwiko vya wenzao kama majogoo wanaojifunza kupigana. Wageni walikuwa na haraka ya kufika Kenyamonta kabla ya giza, na mimi nilisema mirija lazima ilale kwenye dawa ya klorini, kwa hiyo ikabaki kwangu. Usiku niliandika: "Kikao kimekwisha salama. Hakuna ukiukwaji." Nikapiga mstari chini kwa rula.

Nilichokuwa sijui ni kwamba hakikuwa kikao. Kwa wazee hawa, mnaweza kukaa kutwa nzima mkakubaliana kila kitu, lakini mpaka pande mbili zivute kutoka chungu kimoja kwa wakati mmoja, mliyosema ni maongezi tu, kama ya watu wanaosubiri basi. Vikombe ni vya wageni wa njiani. Niliwapa vikombe watu waliokuja kuwa ndugu.

Nilimwuliza mwenye nyumba, baadaye sana, kwa nini hakuniambia siku ile.

"Ulikuwa umevaa koti jeupe," alisema.

Basi. Marufuku ilipoanza kulegezwa, wiki kadhaa kabla ya spika kuwashwa, kutoka Kenyamonta kukawa kimya. Mwenye nyumba alituma salamu. Zikarudi salamu. Alituma tena, sasa akiuliza tarehe. Jibu la mzee mkubwa lililetwa na dereva wa gari la abiria, na lilikuwa fupi: "Tarehe ya nini?"

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya spika nilikuwa bombani nakinga maji. Binti alikuja na ndoo yake akaiweka nyuma ya yangu. Alikuwa na futi la kupimia nguo shingoni.

"Umeamkaje, Bwana Afya?"

"Salama. Mwalimu hajambo?"

"Mwalimu amenunua kitanda." Alilisema kama mtu anayetangaza msiba. "Cha mninga. Kiko Kisaka kwenye nyumba aliyopanga. Baba yake mkubwa amesema nailoni iliyokifunga tangu dukani isitolewe mpaka posa ikamilike. Yeye mwenyewe analala chini, kwenye godoro, pembeni ya kitanda."

Nilijaribu kutocheka.

"Cheka tu," alisema. "Watu wote wamevua barakoa. Kimebaki kitanda changu."

Kisha akaacha utani. Alisema mzee mkubwa ameanza kutaja msichana mwingine, wa kijiji cha jirani na kwao, ambaye baba yake, kwa maneno ya mzee, "hana vikombe." Mwalimu amekataa, lakini mwalimu ni mtoto wa marehemu, amelelewa na mzee huyo huyo, na hawezi kuoa huku mzee akiwa amegeuza mgongo. Mzee alikuwa amempa hadi shule zifunguliwe. Baada ya hapo angehesabu kwamba Tarime hapakuanzwa kitu.

"Kama hapakuanzwa, hapaendelezwi," alisema. "Ndivyo anavyosema. Zimebaki wiki tatu. Mimi si mtu wa kulia bombani, Bwana Afya, lakini nataka ujue nani amekaa kwenye fundo la kamba yako."

Ndoo yangu ilikuwa imejaa zamani, inamwagika.

Siku hiyo hiyo mwenye nyumba na mimi tulikaa na mshenga, mzee mmoja wa soko la ng'ombe anayefahamika pande zote mbili, tukamtuma Kenyamonta. Alirudi baada ya siku mbili akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Wamekubali kuja," alisema. "Jumamosi, siyo hii, ile nyingine. Chungu kiwepo. Na mirija yao iwepo kama walivyoiacha."

"Kama walivyoiacha?" niliuliza.

"Ndivyo alivyosema. Akarudia."

Nilikwenda stoo ya ofisini. Mirija ilikuwa pale pale nilipoiweka, imefungwa pamoja kwa bendeji, kati ya boksi la glovu na mabango ya kunawa mikono. Ilikuwa misafi. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Niliiloweka kwenye klorini usiku kucha, nikaisugua, nikaianika. Namba moja, uliokuwa mweusi unaong'aa, ulikuwa sasa na rangi ya mguu uliotoka kwenye plasta ya hospitali. Kichujio chake kilikuwa kimeachia na kubaki uzi mmoja. Niliunusa. Ulinuka wodi.

Nilikwenda kwa mama mpika pombe, mwenye kilabu chini ya soko, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Miezi miwili kabla nilikuwa nimemfungia kilabu kwa siku tatu. Nilifungua bendeji mezani kwake. Aliushika mrija mmoja, akaunusa, akanitazama.

"Umeifua?"

"Niliitakasa, mama."

Aligeukia jikoni. "Jamani, njooni muone! Serikali imefua mirija!"

Walikuja wanawake wanne na wateja wote. Mmoja aliuliza kama niliianika kwenye kamba ile ile ya kupimia watu. Mwingine alitaka kujua kama nilipiga na pasi. Niliacha wamalize. Wakati mwingine ripoti bora ni kukaa kimya.

"Mrija hauoshwi kwa dawa," mama alisema mwishowe, akifuta machozi ya kicheko. "Unaoshwa kwa pombe. Huu hapa ulikuwa na miaka thelathini ya pombe ndani. Umemvua mzee nguo."

"Unaweza kumvisha?"

Aliupima tena kwa jicho. "Yote siwezi. Nguo ya ndani naweza."

Tulikubaliana hivi: angeilaza kwenye machicha ya pombe mbichi kwa siku zilizobaki, na kila jioni mtu aje aigeuze na kuivuta, ili pombe ipite ndani. Mtu huyo angekuwa mimi. Kichujio angekisuka yeye.

Kwa hiyo, kwa siku tisa mfululizo, nilitoka kazini nikapita katikati ya mji kwenda kugeuza mirija, na ndivyo nilivyoona jioni za Tarime zinavyorudi. Hazikurudi zote kwa pamoja. Jumatatu walirudi wauza mishikaki wa stendi. Jumatano niliona meza moja ya watu sita na sinia moja la ugali, wote wanakata upande wao, isipokuwa mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja na kijiko mfukoni. Walimwita Balozi, na kabla ya nyama kuisha kijiko kilikuwa kimerudi mfukoni. Alhamisi bodaboda zilianza tena kubeba abiria wawili nyuma. Muuguzi mgeni kutoka Mtwara, aliyezoea kusalimia kwa kuweka mkono kifuani, alikutana na bibi mmoja mbele ya duka la vitenge. Bibi aliukamata ule mkono kutoka kifuani kwake, akaushika kwa mikono yake miwili na kuuliza habari za nyumbani moja moja. Muuguzi alisimama tu. Nadhani alikuwa hajaguswa na mtu asiye mgonjwa tangu apangiwe kazi.

Mimi walinisalimia kwa kichwa. Walikuwa na adabu. Lakini kila mkono ulipofika karibu yangu ulikumbuka kitu kingine cha kufanya, kukuna sikio au kutafuta simu. Niliwafundisha vizuri mno.

Pale kilabuni nilikaa kwenye kigoda na ndoo ya machicha. Mama alipita na kuniamuru: "Geuza. Vuta. Tema kama hutaki, lakini vuta." Siku ya pili nilikuwa natema. Siku ya tano nilikuwa nimeacha kutema.

Jioni moja nilishika namba nne. Mwenye mrija huo, kaka mkubwa wa mwenye nyumba, hakuwepo tena. Alifariki wiki chache baada ya kikao cha vikombe, alikohoa siku nne tu. Tulimzika tukiwa wachache, tumesimama mbali mbali, na mimi ndiye niliyeupima umbali huo. Sijawahi kuona aibu kwa kamba ile nikikumbuka siku hiyo. Nilimpigia mwenye nyumba kuuliza kama niutoe namba nne.

"Loweka," alisema. "Ilikuja saba, itoke saba."

Jumamosi wazee walifika saa nane mchana. Mwenye nyumba alikuwa amefunga grosari kwa mbele, ila mchoma nyama aliachwa na jiko lake. Uani chungu kilikaa katikati, na vigoda vilizungushwa karibu kabisa, magoti kwa magoti. Sikuwa na kamba. Ilikuwa nyuma ya nyumba, imeanikiwa mashuka.

Mama mpika pombe alisimamia chungu mwenyewe, na birika la maji yanayochemka, kwa sababu pombe hii huongezewa maji ya moto kila inapopungua. Nililitazama birika lile kwa upendo. Maji ya moto, nilijiambia. Angalau ni maji ya moto.

Mwalimu wa Kisaka alisimama ukutani, vifungo vyote vimefungwa. Binti alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, na hakuwa anapika chochote.

Niliwapa mirija kwa mikono miwili, mmoja mmoja. Mzee mkubwa alikuwa wa mwisho. Aliuchukua namba moja, akaugeuza, akauinua kwenye mwanga.

"Huu si wangu."

Kule mbele mafuta yakasikika yakidondoka kwenye mkaa.

"Wangu ulikuwa mweusi."

"Ni wako, mzee," mama mpika pombe alisema. "Umeoga tu."

Mzee wa pili wa Kenyamonta alikohoa kuficha kicheko. Mzee mkubwa hakucheka. Alitazama kichujio kipya, akakigusa kwa kidole gumba, kisha akauzamisha mrija kwenye chungu na kuvuta. Alifumba macho. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Hospitali," alisema. "Iko kwa mbali. Lakini iko."

Nilimwona binti akishusha mwiko. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilifikiri juu ya mrija ule, na miaka thelathini niliyoitoa kwa usiku mmoja ili nipate mstari mzuri kwenye daftari. Nikaona sina cha kusubiri.

"Mzee," nilisema, "shikamoo. Kosa ni langu. Wenye nyumba hii hawakuchagua vikombe, nilivichagua mimi. Ugonjwa ulikuwepo, na hilo sitasema halikuwa kweli. Lakini nilichukua kitu chako bila kuuliza ni nini."

"Marahaba," alijibu. Akanitazama kuanzia viatu hadi juu. "Siku ile ulisema mdomo wangu una nini?"

"Sikusema una kitu, mzee. Nilisema huenda."

"Huenda." Aliutoa mrija mdomoni mwake, ukiwa umelowa, akaunyoosha kwangu. "Kaa hapa. Vuta."

Nilikuwa nimesimama mbele ya mabango, mashuleni, makanisani na stendi, nikieleza kwa michoro njia ambazo mate ya mtu husafiri. Niliikumbuka michoro yote. Mwenye nyumba alikuwa ameshika goti lake. Kaka yake mdogo alikuwa amefumba macho kama anayeomba. Nilikaa kwenye kigoda kilichokuwa wazi, mbele ya namba nne iliyoegemea mdomo wa chungu peke yake, nikapokea mrija wa mzee, nikavuta.

Nilionja mtama, moshi, tumbaku ya mtu mwingine, na kwa mbali kabisa stoo yangu. Nilimeza.

"Iko?" mzee aliuliza.

"Iko, mzee. Kwa mbali."

Aliuchukua mrija, hakuufuta, akaurudisha mdomoni, akavuta kwa kirefu hadi mashavu yakaingia ndani. "Ukiinywa na aliyeileta," aliwaambia wenzake, "inapungua." Kisha akagonga ardhi kwa fimbo. "Sasa tuanze."

Mirija sita ilishuka pamoja. Mwenye nyumba alimwaga maji ya moto kidogo upande wa namba nne, kama anavyomwongezea mtu chai.

Wakazungumza yote upya. Nasema yote. Maneno yale yale ya siku ya vikombe, kwa mpangilio ule ule, wakishangaa pale pale walipokuwa wameshangaa na kucheka mara mbili zile zile, kana kwamba hayajawahi kusemwa na binadamu. Mimi nilikuwa na kumbukumbu kamili kwenye daftari. Ilipofika mahali pa kubishana kidogo, nilifungua ukurasa ili niwasaidie. Mwenye nyumba akanikanyaga mguu, na akauacha mguu wake hapo hadi nilipolifunga.

Jua lilikuwa linashuka walipomaliza. Mtu alikuwa ameshafungua mlango wa mbele na spika ikaanza kunguruma taratibu. Mzee mkubwa aliinuka, akakung'uta mrija, akautia ndani ya ala yake. Kipande changu cha plasta, chenye namba moja, kilikuwa bado juu yake. Hakukibandua. Alimpa mkono mwenye nyumba, mkono mzima, wakashikana hadi kwenye kiwiko. Kisha akageuka akaunyoosha kwangu. Nilikuwa nimeanza kukuna sikio kwa mazoea. Aliusubiri mkono wangu.

Wake ulikuwa mkono mkavu, mzito, wenye sugu chini ya kila kidole.

Alipofika mlangoni aligeuka kumtafuta mwalimu ukutani.

"Mura."

"Naam, baba."

"Kesho ukifika Kisaka, toa ile nailoni. Mbao inaoza."

Jikoni kitu kilianguka ndani ya sufuria kwa kishindo. Nadhani ulikuwa mwiko.